Mstari Wangu Kilimani Lubenge

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumefika! Pikipiki mpaka Wamaza, kisha miguu mpaka kijijini kwa baba mdogo Jean-Baptiste — miche mgongoni, matope mpaka magotini, mvua njia nzima. Tuko vijana kumi na wawili, nusu wa parokia, nusu wa msikiti, wote wa kujitolea. Shangazi zangu wa Kasongo bado wanauliza kama nina akili timamu. Diploma ninayo, kazi sina. Basi afadhali nichoke kwa jambo la maana kuliko kukaa mlangoni nikitazama pikipiki za watu.

Kilima cha Lubenge ni msitu wa serikali tangu wakati wa Wabelgiji. Msitu kwa jina tu. Wachoma makala, yaani makaa ya kupikia, wamekinyoa, na chemchemi iliyo chini yake, ambayo vijiji viwili vinaitegemea, kiangazi hiki ilikaribia kukauka. Kazi yetu ni kupanda mivule na akasia wakati mvua ingali inanyesha.

Baba mdogo ametuchinjia kuku. Mama mdogo Albertine ametwanga sombe, majani ya muhogo, la kutosha harusi. Tangu baba afe, baba mdogo ndiye baba yangu. Wakati wa mitihani yangu ya mwisho alikuwa anakuja mpaka Kasongo kwa baiskeli na gunia la muhogo, ili nisome nimeshiba. Leo amekosekana Pitchou tu, mwanawe wa kwanza. Yuko Lusangi, kwenye mashimo ya dhahabu.

Jumatano, 9 Oktoba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa siku ya kwanza. Malengelenge mikono yote miwili! Safia ananicheka, eti nashika jembe kama mwiko wa bugali. Yeye anajua kulima. Tulisoma naye Kasongo darasa moja, lakini nyumba yao ya shamba iko hapa hapa, kijiji cha pili, ng'ambo ya kijito. Baba yake, Mzee Faradji, analima huko kama babu zake walivyolima.

Aristote, kiongozi wetu, agronomu, mtaalamu wa kilimo kutoka Kindu, amekuja na wazo. Kila mmoja apewe mstari wake wa miti, kutoka chini mpaka juu, na mwanzoni mwa mstari kijiti chenye kibao cha jina. Alisema mti wa watu wote hakuna anayeutunza. Nilimpigia makofi. Mstari wangu unaanzia karibu kabisa na chemchemi, wa Safia uko pembeni yake. Nimeandika RACHELLE kwa makala, herufi kubwa kama za duka.

Jioni baba mdogo alipanda kuja kuona. Alipita kwenye vibao vyote, akirudi kwenye changu mara ngapi sijui. Akaniuliza kwa nini sikuandika na jina la ukoo. Nikamwambia kibao ni kidogo.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa wazee watatu wamenishika mkono. Mmoja alisema asante mwanangu, umetukumbuka. Nikafikiri anasema juu ya maji. Nimevimba kichwa siku nzima.

Miche imeshika. Nakaa karibu nayo kuliko ninavyokaa na watu. Mvule unaishi kuliko mtu aliyeupanda na kuliko watoto wake. Nimepanda kitu ambacho sitakiona kimekua, na jambo hilo halinihuzunishi hata kidogo. Ajabu. Mimi ninayelia hata chai ikipoa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Safia hajaja kazini tangu Alhamisi. Leo nimemfuata. Nilimkuta kijitoni anafua, hakuinua macho.

Nikauliza nimekosa nini. Akakamua nguo, kisha akasema:

"Rachelle, kweli haujui? Mutu anaweza kukupa shamba ulime muhogo, karanga, miaka na miaka. Lakini muti, hapana. Mwenye kupanda muti, udongo ni wake. Hata mutoto mudogo huku anajua."

Mimi sikujua! Nimekulia Kasongo mjini, kwetu mti unapandwa kwa ajili ya kivuli.

Akanieleza yote. Zamani babu zetu, wake na wangu, waligombania Lubenge. Kila mmoja alisema ndiye aliyefyeka kwanza. Watu waliumizana. Kisha serikali ikachukua kilima, na wote wawili wakakosa. Tangu hapo hakuna anayepanda kitu juu, na wote wanateka maji pamoja. Sasa Mzee Faradji anasema Jean-Baptiste amemleta mtoto wake wa mjini kukamata kilima kwa jina la kujitolea. Na kaka zake Safia wamemwambia mstari wake yeye ni wa kwao, asirudi nyuma hata hatua moja.

"Na wewe unasema nini?" nikauliza.

"Mimi nilikuja kupanda miti tu."

Nimerudi nikamwambia Aristote. Ameng'oa vibao vyote saa ile ile, maskini, uso umemshuka. Lakini anasema sheria iko wazi, udongo ni wa serikali. Labda iko wazi Kindu. Hapa kila mtu ameshaona ni mkono gani uliopanda wapi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemuuliza baba mdogo kama ni kweli. Nilitaka akatae. Hakukataa.

Alikuwa anachonga mpini wa jembe, na aliendelea kuchonga.

"Pitchou iko anafanya nini Lusangi?" akasema. "Iko ndani ya shimo. Mwaka ilipita, shimo ilifunika rafiki yake, yeye anaangalia. Ningekuwa na udongo ya kumupa, angekuwa hapa. Sina. Shamba yangu imechoka, na wadogo zake wanataka kula. Babu yako alifyeka Lubenge kwa mikono yake. Serikali haikumuuliza."

"Na chemchemi, baba?"

"Chemchemi itabaki. Nani anaweza kukataza mutu maji?"

Alinitazama kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenigombeza. Alisema sikuiba kitu, nimerudisha tu. Nilipotoka nilikuwa na hasira, lakini sikujua nimpe nani. Yeye si mwizi. Ni baba anayetaka mtoto wake atoke chini ya ardhi. Na kama kilima kikiwa chake, mwaka kesho kitafyekwa, kwa sababu muhogo haukubali kivuli. Basi tumekuja kuokoa msitu, tumeleta jembe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kaka zake Safia wamepanda michikichi chini ya mstari wake.

Chemchemini sasa kuna foleni mbili. Zamani ilikuwa moja — bidoni, madumu ya maji, zilipangwa zilivyokuja, mama wa huku na mama wa kule, wakichambana na kucheka. Leo bidoni za ng'ambo kushoto, zetu kulia, na kati yake nafasi ya mtu kulala. Mama mdogo Albertine aliwasalimia, hakuitikiwa. Alirudi nyumbani bidoni haijajaa. Alisema maji ni kidogo, lakini maji hayakuwa kidogo.

Jumapili, 27 Oktoba

Shefu, mtawala wa vijiji vyote viwili, ameita watu wote. Tulikaa kwenye uwanja wa shule, pande mbili kama mpira.

Aristote alisimama akaeleza sheria, vizuri, kwa adabu. Kisha akaomba sisi vijana tuseme tu mbele ya watu kwamba miti ni ya wote, yaishe. Shefu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "ni mudomo ndio ulipanda? Mukono ulipanda, mukono utasema."

Ndivyo alivyokata. Jumamosi atapanda Lubenge mwenyewe. Kila aliyepanda atasimama kwenye mstari wake. Akisema miti ni ya ukoo wake, kesi ya zamani itafunguliwa upya, na msaada wa Mungu uwe nasi. Akiikana, ataing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwingine akigusa mti asioupanda, amejitia kwenye kesi kama mwenye nao. Kilima kikisafishwa, baadaye watoto wa shule za pande zote mbili watapanda upya siku moja, wamechanganyika, bila mistari, mtu asijue mti upi ni wa nani.

Ni hukumu nzuri, hata Aristote amekubali. Ila wenzetu wanaotoka mbali miti yao haimuumi mtu yeyote. Wataing'oa, wataondoka. Macho yote yalikuwa kwangu na kwa Safia.

Njiani baba mdogo alitembea mbele yangu. Mlangoni tu aligeuka, akasema utafanya unavyoona.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimewaombea marehemu, nimemwombea baba. Nikajaribu kufikiri angefanya nini. Angesema mheshimu baba yako mdogo. Pia angesema usiseme uongo. Hakuwahi kusema nifanye nini vikigongana.

Naujua ukweli wangu: sikupanda kwa ukoo. Nilipanda kwa maji. Lakini muhogo wa baba mdogo nilikula, na diploma yangu imetoka kwenye gunia lile. Nikiikana miti, namkana yeye mbele ya watu.

Saa kumi na moja jioni. Pitchou amerudi! Baba yake alimtumia habari kwamba udongo umepatikana. Amekonda, anakohoa, lakini anacheka kwa meno yote. Mama mdogo alimshika uso, hakutaka kumwachia. Alikula sahani tatu, akauliza Lubenge inafaa mahindi au muhogo. Baba mdogo hakuniangalia. Sijui amemwambia nini juu ya kesho. Mimi sikumwambia kitu. Nilimwongezea mboga.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika nimekaa chini, juu kilimani, kando kidogo ya watu. Nisipoandika sasa, baadaye sitaamini.

Tumepanda asubuhi, vijiji vyote viwili. Wenzetu wamemaliza mistari yao haraka. Safia naye hakumngoja shefu, aliyekuwa bado njiani. Alianza kung'oa wake mmoja mmoja, bila haraka, akiilaza kwenye majani mabichi mizizi isikauke. Kaka zake walimwita kwa sauti, hakugeuka. Mzee Faradji alivua kofia, akaishika, akaivaa tena. Hakumzuia.

Pitchou alikuwa kwenye mstari wangu kabla yetu sote, anapalilia, anapiga mluzi. Aliponiona alisema dada, miti yako imeshika vizuri sana.

Niliinama kwenye ule wa kwanza, wa karibu na chemchemi. Ulikuwa na majani mapya mawili. Niliuvuta, ukatoka bila kukaidi. Nimelia, sifichi.

Pitchou alicheka, akidhani nimepalilia vibaya. "Rachelle, mutoto wa muji. Hii haiko majani. Hii ni muti."

Akauchukua mkononi mwangu, akapiga magoti, akaurudisha shimoni, akashindilia udongo kwa viganja vyake. Yote yalikuwa ya haraka, sikupata hata kumshika bega. Kisha akainua macho. Hakuwa anacheka tena. Amezaliwa hapa. Desturi anaijua kuliko mimi: mkono wake sasa umepanda.

Safia alisimama na mche mkononi. Baba mdogo aliziba mdomo.

Shefu alikuwa amefika, anahema, ameegemea fimbo. Aliona. Akauliza mti huu nani ameupanda. Akatuangalia, mimi, kisha Pitchou, kisha mimi. Kabla hatujajibu alisema apewe kiti na maji kwanza, kila mtu afikiri neno lake. Nikisema mimi, nitaung'oa na yataisha; Pitchou akisema yeye, kesi ya babu zetu itafunguka.

Amekunywa. Sasa anarudisha kikombe kwa mama mdogo. Pitchou bado amepiga magoti, viganja viko juu ya udongo.