Nyeusi ya Kufuliwa

Kapata, 4 Februari 2024

Kwako Odile, mutoto wangu,

Jambo sana. Tumbo iko aje? Na bwana yako Ntambwe? Mi niko muzima, magoti tu ndiyo inanisemesha kila asubui.

Mwaka ya kilio ya tata yako inaisha. Jumamosi baada ya Pasaka, wifi yangu Banza, shangazi yako, atakuya na familia. Batachoma nguo yangu yote ya kilio, desturi unaijua, kisha nivae mupya mbele ya batu. Wewe ni mushonaji, basi unishonee. Lakini unishonee nyeusi. Usicheke! Bachome ile, mi nitavaa nyeusi ingine. Nikivaa rangi, itakuwa sawa na kusema bwana yangu Mulumba amekwisha kabisa, na mi siko tayari.

Utume na shofere Kassim, anapita hapa kila juma.

Mama yako,
Florentine

*

Lubudi, 11 Februari 2024

Mama mupenzi,

Jambo, na pole ya magoti. Upakae mawese ya moto. Mutoto anapiga mateke usiku na mchana. Muganga amenikataza kupanda gari mpaka nizae, basi siku ya kilio sitakuwa pale. Inaniuma sana. Nguo ndiyo itafika pahali pangu.

Na nyeusi sishoni! Mama, nani alinifundisha rangi? Kapata yote ilipakaa nyumba rangi ya krimu, wewe peke yako ukapakaa salon yetu kijani ya giza, ukatia mu madirisha rido nyekundu ya divai. Majirani bakasema mutaishi mu pango. Kisha bote bakawa banakuya kukaa mule ndani.

Nimeshikiza hapa bipande bibili na pini: kijani nzito na ile nyekundu ya divai. Telefone inadanganya rangi, ndiyo maana naandika. Ubiangalie mulangoni, mu jua.

Mutoto yako,
Odile

*

Kapata, 10 Machi 2024

Odile, mutoto mubishi,

Jambo yako na ya ule mupiga mateke. Usikasirike kama nilinyamaza mwezi muzima. Bipande yako nilitupa mu kabati, nikasema huyu mutoto hanijui. Tena rangi mbili zote nzito! Zinagombana kama bibi babili mu jikoni moja.

Sasa jana nilikuwa napanguza vumbi, unajua vumbi ya hapa, inaingia hata mu chumvi. Nikafikia lile jiwe la malakiti, tata yako aliliokota mu mine, kule banachimba shaba, akiwa kijana. Nikalipeleka mulangoni. Kijani ndani ya kijani, na katikati mustari mweusi. Si mweusi wa kung'aa, hapana, mweusi wa kutulia. Nikaweka bipande yako pale, na katikati nikakunja robe yangu ya kilio. Odile! Ugomvi ukaisha. Kila rangi ikakaa pahali pake.

Basi nimekata upindo wa robe, nimekutumia. Utie mustari mwembamba kati ya kijani na nyekundu, shingoni na mukononi. Nyekundu kidogo tu, wewe unaimwaga kama pilipili.

Mama yako,
Florentine

*

Lubudi, 15 Machi 2024

Mama,

Jambo. Nilisoma nikalia, kisha nikaogopa. Nguo ya kilio inachomwa yote! Banasema kipande kikibaki, kilio inarudi mu nyumba. Shangazi akiiona, atakuvua mbele ya batu bote, unamujua. Nimenunua nyeusi mupya sokoni, nitie ile. Nani atajua? Unijibu mbio.

Odile yako

*

Kapata, 18 Machi 2024

Mutoto wangu,

Jambo. Nafupisha, Kassim anapiga honi. Hapana! Nyeusi mupya inapiga kelele kushinda nyekundu yako. Hii yangu nimeifua mwaka muzima, jua ikaila, ndiyo maana inajua kutulia. Naogopa, ndiyo. Ushone.

Mama

*

Kapata, 7 Aprili 2024

Odile wangu,

Jambo na jambo tena! Robe ilinikaa vizuri, mikono yako ibarikiwe.

Jana bakachoma zote. Nililia sana, na si moshi peke yake. Kisha nikaingia chumbani, nikatoka nimevaa. Majirani bakapiga bigelegele. Banza hakupiga. Akanikaribia, akashika mukono wangu, akapitisha kidole juu ya ule mustari. Kile kitambaa tulikinunua pamoja, yeye na mi, siku ya kuzika, kila mutu akashona yake. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Akaniinamia sikioni. «Florentine, hii haikuchomwa.»

«Hapana, wifi.»

Mi nangoja anivue. Kisha akasema polepole: «Yangu niliichoma jana, yote. Yako ilibakia kidogo?»

Akalia pale pale, muke muzee, amenishika mukono. Ni kaka yake, Odile. Mwaka muzima nilimuona tu kama mwenye desturi.

Basi angalia chini ya masini yako ya kushona. Upindo kama ulibakia, hata kidole kimoja, usitupe. Umushonee na yeye, bipimo yake iko nyuma ya hii karatasi. Nimemuchagulia bleu ya usiku na zambarau. Amekaa hapa mu salon, anakunywa chai, anakataa, anasema zitagombana. Nimemuwekea jiwe mapajani.

Mama yako,
Florentine