Kwa Jirani Anakula, Kwangu Anafunga Kinywa

Éliakim wangu amekula mbinzo! Vile vidudu vyeusi vya kukausha, Maman Adèle, amekula na kulamba vidole, na hapana kwangu, ni kwa bibi ya soda, yule askari wa jeshi! Nisamehe, furaha na haya vimenisahaulisha salamu. Bwana asifiwe. Nisikilize, unisaidie, wewe unayejibuka barua za bamama.

Mimi ni Kaswera, wa Butembo, naishi mutaa wa Beu hapa Beni. Uliza mama yeyote wa kanisa letu nani anapigaka bukari, ugali wa muhogo, laini kama shavu la mutoto muchanga, atataja jina langu mbele umalize kuuliza. Kwa ndoa ya binti ya pasta ni miye nilipika maharagi na batu wakakwangua sufuria mpaka ikalia. Lakini huyu mutoto wangu wa mwisho, wa miaka ine, tangu baba yake Lusenge alienda Kamango kwa mashamba ya cacao, anakataa kila kitu. Namutengea meza yake, sahani yake ya maua, kijiko yake, nasimama mbele yake: bukari na majani ya sombe, hapana, ndizi za makemba, hapana, hata kuku nimemuchinjia, akageuza kichwa, miye nalia, napiga kelele, yeye anateremuka, anaenda.

Kumbe anapitaka kwa tundu ya lupango, uzio wetu na jirani! Juzi nikamufuata, nikamukuta kwa Simone, bibi ya soda mwenye kutoka jimbo la Équateur, batoto wake saba wamezunguka sinia moja, na wangu katikati, mashavu imejaa. Nikasema, "Wee Éliakim, toka! Kwetu hatukulake vidudu!" Simone akacheka, akasema, "Mama Éliakim, vanda, kaa nasi, onja kamoja tu, kamekwisha kufa, hakatakuuma!" Nikakamata mutoto mukono, nikaziba ile tundu na bati. Tangu siku ile anakunywa chai tu.

Mama-mukwe anakuja siku ya yenga, Jumapili hii. Batoto wangu bakubwa wawili wako kwake Butembo juu ya masomo, na kwa telefone alisema, "Kama nakuta na huyu ni mifupa, narudi naye." Maman Adèle, akienda na huyu, nitapikia nani? Nitabaki na sufuria. Nimupe dawa gani ya kufungua tumbo?

*

Kaswera, dada yangu, kilio chako nimekisikia, na bukari yako naiamini. Sasa kaa, nikugombeze.

Umeandika karatasi mbili juu ya chakula, na hapana pahali hata pamoja umesema "nimekula." Wewe unakulia wapi? Jikoni, umesimama, mabaki ya mutoto, peke yako. Najua, hata usikatae. Na yeye unamuweka peke yake kwa meza sawa mutu anayengoja hukumu, hakimu amesimama mbele yake na kijiko. Zamani aliona mikono ya baba na ya bakubwa wake ikiingia kwa sahani moja. Leo anaona maua ya sahani na mama analia. Nani angemeza? Dawa hapana. Usinunue.

Halafu huyu bibi ya soda yuko na jina, umeliandika mwenyewe. Yeye pia yuko mbali na kwao. Alikuitia kwa sinia yake, ukamujibu na bati!

Ondoa bati leo, si kesho. Piga bukari, ipeleke kwa Simone ingali moto, umuombe musamaha kwanza. Kaa chini na batoto. Mutu asimuambie Éliakim "kula." Mukono wako utangulie, na uanze na mbinzo: tafuna, meza, bila kukunja pua, maana hiyo pua ndiyo ataangalia. Bukari yako ataionja kesho ama kesho kutwa; chakula ambacho mutoto amekikataa kinaletwa mbele yake mara nyingi, na polepole. Na kama hata pale kwa Simone anakataa, mupeleke kituo cha afya, centre de santé, wamupime kilo, usingoje.

Mama-mukwe usimudanganye na meza ya maua. Mupigie Lusenge, akipata njia apande kutoka Kamango. Tandika mukeka nje: Simone na saba wake, mama-mukwe na bakubwa wako wa Butembo, bukari yako, mbinzo zake, sinia moja, na wewe umekaa, unakula. Waite wote. Uwaambie ni siku ya yenga, wakitoka ibada.