Bunduki yenye hailalaka na njaa

Victorine, uko? Nkambo Sofia, mama muzee wetu, amenielezea sasa hivi, na mi mwanzo nilicheka!

Ni 1957, mutaa wa Katuba. Rigobert, muwindaji, analetea nkambo Asumani, bwana ya Sofia, fundi wa mbao, bunduki ya baruti. Mututu unacheza ndani ya mbao, anamuomba aukalishe muzuri na araldite, kole ya nguvu, ile gundi yenye kushika sana. Anamuachia mafuta ya nguruwe: "Pakaa mututu kwanza, kole isiukamate, utoke tena."

Nguruwe! Asumani, Muislamu wa Maniema, hakuyagusa hata na kijiti. Akapakaa sabuni.

Kesho yake mututu hautoke. Anavuta, anapiga, bure. Akaulalisha juu ya mbabula, kole ilainike. Unasikia? JUU YA MAKALA YA MOTO!

Rigobert akatokea mulangoni. "Asumani, toa! Toa!"

"Kuna nini?"

"Bunduki yangu hailalaka na njaa! Iko baruti ndani!"

Sofia akamwaga ndoo muzima ya maji. Rigobert alikimbia, hakurudi hata siku moja.

Namuuliza nkambo Sofia: basi nani alitoa ile baruti?

"Nani angesubutu?"

Victorine. Ile bunduki njo hii imetundikwa hapa, juu ya kitanda yangu.