Harufu ya Ndagala Sebuleni

Ijumaa, 12 Aprili 2024
Ziwa limewafukuza kule Kajaga, ufukweni, na lazima waje kwangu! Wifi yangu Saliha, dada yake mume wangu Uthmani, na mtoto wake Yasmina wa miaka minne. Godoro moja, chandarua kimoja, magunia mawili ya ndagala, dagaa wa ziwani. Lac, ndiyo hilo ziwa, imeingia mpaka kwa kitanda, anasema. Haya, pole. Nimewapa sebule. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua, jua la kuchoma, mvua tena. Ndagala hawakauki. Wamejaa uani kwangu, na Saliha amewafunika kwa chandarua ili nzi wasiwaguse. Chandarua! Na mbu walivyopanda hadi huku mlimani, Mutanga Nord, ambako zamani nililala dirisha wazi. Jioni sebule inanuka samaki. Basi anawaingiza ndani kwa siri. Simpendi, nimekwisha sema.

Jumamosi, 20 Aprili
Saliha alikwenda sokoni na mtoto. Nimekichukua kile chandarua chake cha kufunikia ndagala, nimekichoma pamoja na takataka. Aliporudi akauliza. Nikasema upepo. Sebule hainuki tena.

Jumatano, 1 Mei
Yasmina anatetemeka chini ya blanketi mbili, na joto hili lote. Palu, ndiyo malaria, wamesema kwenye zahanati. Nimemwambia Saliha wazi: mama gani anafunika samaki, anamwacha mtoto? Akalowesha kitambaa, akamkanda mtoto. Uthmani akaniangalia vibaya. Aangalie tu.

Alhamisi, 2 Mei
Mtoto anatapika dawa. Wanataka alazwe.

Saliha amenijibu leo, polepole, huku akimpangusa: «Wifi, ile chandarua muchana ilikuwa ya ndagala, usiku ilikuwa ya mutoto. Nilikuwa naikung'uta, namufunika. Sikuwa na ingine.»

Kumbe ndiyo harufu ile ya sebuleni. Mimi nilikuwa nalala ndani ya chandarua changu, mlango nimefunga, sikuwahi hata kuchungulia. Naogopa.

Habari ya upepo Saliha haiamini. Anasema kaiba Dorothée, yule jirani Mkongomani. Mama wa watu hajawahi kutugusia hata kijiko! Saliha amejifunga kitenge, ametoka. Yuko getini kwa Dorothée, anamwita mwizi, nasikia kila neno. Uthmani anauliza kutoka sebuleni: Fatouma, siku ile si we ndiye ulibaki hapa?

Chandarua changu kina kamba nne. Nimefungua mbili, kiende kwa mtoto. Uthmani anauliza tena.