Picha ya Mia Tatu na Moja

Makongeni, Nairobi
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpendwa Nekesa,

Pokea salamu kutoka kwetu sote hapa Makongeni, nami natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Kikohozi cha mdogo kimepoa? Na mahindi je, mvua ya Kitale imeyaonea huruma mwaka huu? Sisi hatujambo, ukiacha hali ya Baba unayoijua, na ukiniacha mimi, maana siku hizi sikaliki. Tangu nianze mistari hii nimeshainuka mara tatu: kwanza kufunga mlango, kisha kuufungua, na mara ya tatu hata sijui nilikuwa naenda wapi.

Utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza, Dada, unajijua. Halafu nyumba yetu ni ile ile, chumba na kijisebule, na Mama ana masikio ya kusikia sukari ikiyeyuka. Kwa hiyo nimemwomba Otiende, jirani yetu anayeendesha lori la saruji, akuletee bahasha hii kesho akija huko. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata shemeji.

Nianze na habari njema. Baba anaendelea vizuri. Anameza uji bila kupaliwa, na jana alikaa kitandani bila kushikiliwa hadi redio ikamaliza taarifa ya habari. Upande wa kushoto bado umelala. Maneno nayo ni machache, na unalolisikia zaidi ni lile lile, "mbili". Mama humletea vikombe viwili vya uji na kumwekea mito miwili. Zile sweta mbili ulizotuma alivalishwa zote kwa pamoja, akatutazama kana kwamba wagonjwa ni sisi. Tulicheka sana siku hiyo, na mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimesikia kwamba Jumamosi kutakuwa na maombi ya shukrani hapa nyumbani. Baba mdogo Shiundu ametangaza kanisani kwamba nitasimamishwa mbele ya watu kama kijana aliyemwokoa babake. Mama ananiambia nawe umeninunulia kitambaa cha suti. Dada, nakuomba kitambaa hicho kisikatwe kwanza.

Unajua mimi na kutulia hatujawahi kukutana. Nilianza kuchomelea vyuma Shauri Moyo, nikaacha. Nikaingia kiwanda cha sabuni kule mtaa wa Baba Dogo, nikatoka kabla sijazoea mlango wake. Baba alikuwa akisema mke wangu atalazimika kunifunga kamba. Ndipo nilipokutana na Kawsar, yule msichana wa Eastleigh mwenye kiofisi cha kutengeneza filamu, akanifundisha kurusha droni. Baba aliiita tiara ya mtu mzima. Kila nikirudi jioni aliniuliza kama tiara imenasa kwenye nyaya.

Kazi aliyokuwa akiitaka Kawsar safari hii ilikuwa ya kuchukua mtaa wetu unavyoamka. Si video ya kawaida. Droni inasogezwa polepole mno, mtoto anayetambaa angeipita, na kila baada ya sekunde mbili inapiga picha moja. Baadaye picha hizo zinaunganishwa, dakika ishirini na tano zinakuwa sekunde thelathini, na unaona jua linapanda, vivuli vinafupika, mtaa mzima unachemka huku wewe ukiteleza juu yake. Kidole gumba kinagusa kijiti kwa uangalifu kama unayemshika kifaranga. Ukisimama katikati au ukitikisika, filamu inaruka na kazi yote imeharibika. Waulize walionijua Shauri Moyo kama wataamini, lakini hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyonituliza.

Kawsar alinieleza jambo moja zaidi, kwamba katika filamu ya namna hii watu wanaotembea hupotea. Wanaonekana kidogo, kisha hawapo. Anayeonekana ni aliyetulia. Alitaka mtu mmoja akae mahali pamoja asubuhi nzima ili macho ya mtazamaji yawe na pa kutua. Nikamfikiria Baba, maana kuketi mlangoni na chai yake ndiyo kazi aliyobakiwa nayo tangu astaafu reli. Nilimwomba usiku wa kuamkia siku ile. Alijifanya hajali, lakini asubuhi nilimkuta amevaa lile koti lake la reli la rangi ya chungwa, na viatu amevipiga rangi. Nilimwambia asiondoke, asisimame na asitikisike bila sababu. Akaniambia nimtunze yeye basi, si tiara.

Mama alishakwenda sokoni Gikomba. Nilisimama upande wa pili, kule kwenye uwanja wa mpira, na droni ikapaa. Kibali cha Kawsar cha kurusha droni kilikuwa kinaisha siku ile, na nilikuwa na betri moja tu iliyojaa. Kwa dakika nane kila kitu kilikwenda vizuri kupita nilivyoota. Upepo ulikuwa umelala. Kwenye skrini Baba alikuwa katikati kabisa, doa la chungwa mbele ya mlango wetu, watoto wa shule na akina mama wa maji wakimzunguka. Nilikuwa nikijisikia mtu, Dada.

Dakika kama ya kumi hivi, Baba aliinua mkono wake mmoja juu, wima, akaushikilia hapo.

Hapa sihitaji kukueleza, lakini acha nieleze, nataka kuandika kila kitu. Mtu mwingine yeyote angedhani mzee anasalimia, au anaita. Mimi na wewe tulizijua ishara za reli kabla hatujajua kusoma. Baba alikuwa akirudi kutoka kuelekeza mabehewa stesheni, nasi tunajipanga mmoja nyuma ya mwenzake kama mabehewa hapo uani, yeye anatuendesha. Mikono yote miwili juu, behewa linasimama hapo hapo, na anayechelewa kusimama ananyimwa zamu. Mkono mmoja juu umetulia, njia ni safi, endelea. Basi nilipouona ule mkono mmoja nilisoma nilivyofundishwa. Tena nilisoma zaidi ya hapo. Nilijiambia kwamba leo Baba ameikubali kazi yangu, ananipa njia kama alivyowapa madereva wa treni. Machozi yalinilenga. Nikaendelea dakika kumi na tano zilizobaki, hadi betri ikalia.

Niliishusha droni, nikaifunga, nikapitia mandazi ya kunywea chai naye. Nilimkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mate yanatiririka kwenye koti. Yaliyofuata unayajua: Mativo wa nyumba ya nne alitoa gari lake, tukakimbia hospitali, daktari akasema ni kiharusi na kwamba tungechelewa kidogo zaidi tungempoteza. Hapo ndipo sifa zangu zilipoanza. Daktari yule alisema pia kwamba kwa ugonjwa huu kila dakika huondoka na kitu, lakini hilo watu hawakulibeba kutoka hospitali.

Mwezi mzima nilizikubali sifa hizo. Nilijua nimechelewa, lakini nilijitetea kwamba sikuwa na namna ya kujua. Kisha Jumatano iliyopita alikuja Kasiva, yule mama anayemfanyisha Baba mazoezi ya viungo. Alimwambia ainue mikono. Wa kulia ukapanda, wa kushoto ukabaki mapajani. Baba akanitazama mimi, Dada, hakumtazama Kasiva, akasema, "Mbili." Akaushusha, akauinua tena, na macho yake hayakuniacha. "Mbili. Mbili."

Hakuwa akiomba vikombe wala sweta. Mwezi mzima alikuwa akiniambia kwamba aliinua mikono miwili. Asubuhi ile alihisi mwili unamtoka, akanipa ishara ya kusimama, ile kubwa kuliko zote, na upande mmoja haukumtii naye hakujua. Kwa hesabu yake alinisimamisha, nami mwanawe nikapita. Unajua alivyowaona watu waliopita ishara ya kusimama. Kuna rafiki yake aliyemnyima salamu hadi kifo kwa ajili hiyo.

Sikungoja hata Kasiva aondoke. Nilichukua kompyuta, nikamwekea mapajani zile picha moja moja, kuanzia ya mia tatu na moja. Hapo mkono uko juu. Ya mia tatu na mbili, uko juu. Hadi ya mia tatu na sita. Alizitazama muda mrefu. Aligusa skrini mahali mkono wake wa kushoto ulipokuwa, ukining'inia pembeni ya kiti, kisha akautazama mkono wenyewe. Alilia kidogo, bila sauti. Halafu akanishika kiganja kwa ule mkono mzima, akahangaika na mdomo hadi jasho likamtoka, akasema, "Ulisoma sawa."

Mama alikuwa mlangoni. Hakuelewa, lakini alilia pia, na jioni akamweleza Baba mdogo kwamba Baba amenibariki. Hayo ndiyo yaliyoleta haya ya Jumamosi.

Sasa lililobaki, ambalo ndilo barua yenyewe. Nekesa, kwa nini nilianzia picha ya mia tatu na moja?

Kwa sababu katika ya mia mbili sitini na nane kikombe chake cheupe kinaanguka. Katika zinazofuata chai imemwagika kwenye viatu alivyovipiga rangi, naye hainami kuvitazama. Anaanza kuegemea upande. Ni zaidi ya dakika nzima kabla ya mkono kuinuka, na mimi nilikuwa nikiiona skrini. Nilikiona kikombe kikianguka. Nilijua mzee wetu hawezi kuacha chai kwenye viatu vyake. Nusura kidole kikiachie kijiti, nikajiambia kwa sauti, peke yangu uwanjani, nitulie, nisiharibu. Ule mkono ulipopanda nilifurahi kwa sababu ulinipa ruhusa ya kutofikiria kikombe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitulia, na niliitumia siku hiyo kumtazama Baba akianguka.

Kwa hiyo Baba amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya nikalificha asilione. Nilichagua picha, Dada. Niliketi karibu naye kitandani, nikachagua.

Ndani ya bahasha hii nimebandika kadi ndogo ya kamera kwenye karatasi. Ndimo zilimo picha zote, pamoja na zile thelathini na tatu nilizomficha. Ijumaa nilizitoa kwenye kompyuta nikazirudisha humo nizifute, nikashindwa, na jana nikakaribia tena. Sijiamini kukaa nazo. Nilitaka kukuomba uamue wewe kama Baba azione, lakini nimeona huo nao ni ujanja. Nitamwonyesha mimi mwenyewe, na nitakuwa nimeketi pale pale. Nakuomba tu unishikie kadi hiyo nisije nikaiharibu, na uje nayo Ijumaa kabla ya wageni. Baba akishaziona, kama hatataka kuniona tena, usimsihi. Baba mdogo nitamwambia mwenyewe asiite watu.

Wasalimie watoto wote, na shemeji umwambie ile redio aliyoileta bado inamfaa mzee. Mama anakusalimu, anasema ukija usisahau maharagwe. Baba naye anakusalimu. Yuko macho hapa kando yangu, amevaa sweta moja. Sasa hivi ameniashiria akitaka kujua naandika nini muda wote huu, nami nimemwambia ni salamu tu.

Ni mimi mdogo wako,
Frankline Nabiswa