Fungate la Hema na Bunduki ya Dubu

Darsait, Maskati
Jumanne

Kaka Seif,

Assalaam alaikum. Salamu nnazitanguliza upesi, kwa sababu nikianza na hasira nitazisahau, na marehemu Mama angenisuta kwa adabu mbovu. Goti lako vipi? Na wifi yangu, presha imetulia, au bado anakula papa mkavu kwa kujificha? Sie hapa viwiliwili vizima. Joto limeshaanza, viyoyozi vinanguruma kutwa, na mume wangu Baba Salma analala kama mtu aliyeajiriwa kulala. Mwanao Raiya mzima, anakwenda kazini kwake kule kliniki ya meno Ruwi na kurudi salama.

Utajiuliza kwa nini nnaandika barua zama hizi za simu. Simu yako unaipokea barazani kwa sauti ya juu na mtaa mzima unachangia. Tena nikikupigia hunisikilizi, kila neno unanikatiza. Barua hii nimempa jirani yangu Bi Shemsa, anayesafiri kesho kuja huko, akutie mkononi kabla ya Ijumaa. Isome mpaka mwisho, kaka yangu, na uisome ukiwa peke yako.

Ni khabari ya Haitham, huyo mchumba uliyemkubali ukamsifia ukoo na elimu na cheo cha wizarani. Mie nimekirihika naye, Wallahi, nikilisikia jina lake tu nyongo inanipanda.

Walikuja Alkhamisi iliyopita, yeye na ami yake Mzee Nasor, kupanga siku ya ndoa. Nikafukiza udi, nikatoa halwa na kahawa, nikakaa nisikilize mambo ya maana: bibi harusi atakaa wapi, kazi ataendelea nayo au vipi. Wapi! Bwana harusi katoa simu, anatuonesha picha za bunduki. Ati fungate halitakuwa la ndani kama letu, la kujifungia na kuletewa vyakula. Yeye atampeleka mwanao kwenye milima ya Ulaya huko, watembee kwa miguu porini na kulala ndani ya hema, na pori lenyewe lina dubu. Kwa hiyo lazima awe na bunduki. Wapo wawindaji huko wanaokodisha kwa kibali, wamemtumia picha achague moja.

Nikamwambia, "Mwanangu, kama pahala pana dubu, si mwende pengine?"

Akanicheka. "Mama Salma, weye hujui raha ya milima."

Haya, nikamwongezea kahawa. Mzee Nasor akashauri bunduki ya marisawa, maana dubu akishakuwa karibu huna wakati wa kulenga, unafyatua tu. Haitham akasema marisawa kwa dubu ni kumtekenya, yeye anataka raifali yenye risasi nzito. Ami akamuuliza, hiyo raifali ndefu utaigeuzaje ndani ya hema na usingizi machoni? Basi bastola. La, bastola mkono ukitetemeka umekwisha. Kahawa ikapoa, halwa ikaota ngozi, siku ya ndoa hakuna aliyeitaja. Mara Mzee Nasor huyoo akashuka mpaka garini mwake, akarudi na bunduki yake ya harusi, ile yenye fedha kitakoni wanayochezea ngoma ya razha, akailaza juu ya zulia langu wapime uzito. Zulia ninalosalia, Kaka! Pembeni ya sinia la halwa! Nikajisemea, hawa watu hawana haya.

Raiya alikuwa amekaa pembeni, kimya chake unakijua. Akauliza kwa upole, "Nimesoma kuwa kuna dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu, na wenyeji wa huko wanaiamini kuliko bunduki. Kweli?"

Haitham akakubali kuwa ni kweli. "Lakini nirudi Maskati niwaambie wenzangu nimemfukuza dubu kwa pilipili?" Wakacheka mpaka Baba Salma akaamka, akacheka na yeye bila ya kujua kinachochekwa.

Raiya akangoja wamalize. "Basi nifundishe na mie kuitumia hiyo bunduki. Dubu akikuangusha weye, mie nitafanya nini?"

Hapo Haitham hakucheka. Akafungua picha moja akaielekeza kwangu, si kwa Raiya. "Nimeshaamua nitachukua hii. Hii ina kufuli kwenye kifyatulio. Ufunguo nitauvaa mwenyewe shingoni, mtu mwengine hawezi kuigusa."

"Na dubu akikukamata shingo?" Raiya akamuuliza.

Mtu amekaa jioni nzima anatafuta bunduki ya kutolewa haraka, kisha anaitia kufuli! Nilidhani ni ujinga. Laiti ingekuwa ujinga. Mzee Nasor, mdomo umejaa halwa, akasema, "Msamehe, binti yangu, ana sababu ya kuogopa. Yule wa kwanza alimnyooshea bunduki yangu hiihii."

"Wa kwanza nani?" nikauliza mie.

Haitham akaweka kikombe chini. Mzee akatazama dari. Ndipo ikatoka, kwa kuvutwa kama jino, kuwa Haitham alikuwa na mke, Asya jina lake, wakaachana. Ati ndoa ilikuwa ya kimya kimya, ati mwanamke hakuwa na akili timamu, ati hawakuona haja ya kututia wasiwasi. Na mie ninayejidai najua kila harusi kutoka Darsait mpaka Sib, hii ilinipita! Unajua kilichoniudhi zaidi? Yule mzee alipomaliza kutueleza, akachota halwa tena, akaniambia ina hiliki nzuri.

Nikaulizia. Wanawake wa hapa ukiwauliza vizuri wanakwambia. Asya ana duka la kushona mabuibui Hamriya, juu ya muuza simu. Jumamosi nikamchukua Raiya tukaenda. Nilitegemea kumkuta kichaa. Nimemkuta msichana wa watu mpole, sindano mdomoni, akatukaribisha kwa juisi. Nikamwambia wazi tulichofuata. Akamtazama Raiya mikononi.

"Umeshapakwa hina?"

"Bado."

"Alhamdulillahi," akasema, na akatabasamu huku akiziba mdomo kwa shela.

Raiya kazi yake meno, Kaka, hawezi kuacha kuona. Akamuuliza taratibu, "Hilo la mbele lilitoka vipi?"

"Nilimjibu mbele ya wageni wake."

Basi, hivyo tu, huku anaendelea kutia uzi. Akatueleza yaliyobaki bila ya kulia. Lilikuwa jambo la kila wiki. Siku moja walikuwa kwa Mzee Nasor, bunduki ya harusi imetundikwa ukutani, na Haitham akamfuata mpaka chumbani na mkanda mkononi. Asya akaitungua ile bunduki akamwelekezea. Haikuwa na risasi hata moja, na yeye alijua haina. Haitham hakujua. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. "Tangu siku ile mpaka ananipa talaka hakunigusa tena," alisema. "Alikuwa akinisalimu asubuhi."

Kaka Seif, huyo ndiye mwenye kufuli. Si dubu anayemwogopa. Anampeleka mwanao porini, pasipo mama wala jirani, wala mtu wa kusikia mtoto akipiga kelele, na ufunguo anautia shingoni mwake.  Najisi hiyo imekaa juu ya zulia langu, imekula kwa mkono wangu. Zulia nimelifua.

Juzi Haitham kanipigia simu, sauti ya asali, keshapata khabari kuwa tulikwenda Hamriya. Kufuli ataliacha, hema ataliacha, watakwenda hoteli kama nnataka. Hakuuliza nimesikia nini kwa Asya. Aliuliza nani mwengine nimemwambia. Na Baba Salma, aliyekula halwa nao, ananiambia ya zamani yamepita, mwanamume hukua. Nikamwambia akale huko huko kwa Mzee Nasor. Tangu Jumapili jiko langu halijamwashia moto.

Sasa sikiliza. Ijumaa baada ya sala Mzee Nasor atakupigia. Atakutajia babu zako na babu zake, atakufurahisha, kisha atakuomba umpe uwakala Baba Salma akuozeshee mwanao hapa. Baba Salma ukimruhusu ataozesha, mie namjua, hapendi ugomvi. Kwa hiyo yote yako mdomoni mwako. Najua umeshawatangazia watu na wifi ameshanunua vitambaa. Vitambaa haviozi, vitashonwa siku nyengine. Mwambie hapana, na sababu usimpe. Akitaka sababu aje Darsait, nitampa mie.

Kinachonitia khofu ni Raiya mwenyewe. Tangu kuzaliwa hajakwambia la. Nilipomuuliza anataka nini, aliniambia, "Atakalosema Baba." Nikatoka nikalia jikoni. Mtoto mwenye adabu kama huyu ndiye wanayemtafuta watu wale.

Nisalimie wifi, na mdogo wetu Mafunda kule Pemba ukimpata simuni, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado anasomesha. Baba Salma msalimieni wenyewe, mie sisemi naye. Mungu akupe afya na akupe ulimi mzito wa kusema ndiyo Ijumaa.

Dada yako anayekupenda na kukugombeza,
Zuwena

Baba, shikamoo. Ni mie Raiya. Shangazi kaniachia nafasi hii chini nikusalimie. Pengo la jino nililiona kwa macho yangu. Baba, nisamehe. Usiniozeshe.