Mume Wangu Anachimba Hazina Chini ya Chupa Niliyoizika Mwenyewe

Shikamoo shangazi Raheli, mshauri wetu tunayekusoma kila wiki, naomba uniwahi maana ukuta wa chumba cha mama mkwe unaweza kuanguka na mwenye makosa ni mimi. Jina langu usilitoe, niite Mama Ikram wa Mazinde.

Mume wangu ni mtu mzuri, hanywi, hanipigi, ila ana ugonjwa mmoja wa kutafuta mali za Wajerumani, na huku kwetu unajua palipo na mkonge hapakosi mtu wa kusema kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia sanduku na juu yake akaacha chupa iwe alama, basi baba Ikram amechimba kando ya reli, amechimba mtoni, amechimba kwenye msingi wa nyumba ya zamani ya meneja mpaka walinzi wakamfukuza, lakini choo chetu kimejaa tangu masika na kila nikimwomba achimbe kingine anasema mgongo unamuuma.

Ndipo shetani akanipitia, au labda ni akili, sijui, nikachukua chupa ya kijani ambayo mama mkwe anawekea mafuta ya nyonyo ya kujipaka magoti, mafuta nikayahamishia kwenye chupa ya plastiki, ile ya kijani nikaisugua kwa majivu na mavi ya ng'ombe, nikaizika nyuma ya nyumba palepale ninapotaka choo, halafu nikamwambia mume wangu jembe langu limegonga kitu kinalia kama kioo. Shangazi, mgongo ulipona papo hapo. Alichimba shimo limenyooka, hata fundi hafanyi vile, nami nikawa nampelekea uji na kumtia moyo.

Nilidhani akikosa atachoka, hakuchoka. Alimwita fundi Isaka kutoka Handeni, anayejisifu kwamba vitu vya kale anavijua kwa kunusa, akainusa chupa, akailamba, akaigonga kwa ukucha, akasema uchafu huu una miaka mia na zaidi, na mimi nimesimama pale, ng'ombe aliyeutoa uchafu huo nimemkamua asubuhi. Kisha akasema mali ikisikia jembe huhama pembeni, kwa hiyo mume wangu sasa anachimba kuelekea ndani, amekwisha kupita chini ya upenu, na ukuta wa mama mkwe umepata ufa wa kuingia kidole. Mama mwenyewe alipoonyeshwa chupa aliigeuza, akaniangalia mimi, akasema tu, "Chimba mwanangu, chimba," akaenda zake.

Nikisema kweli, mume wangu atachekwa Mazinde nzima na hatanisamehe. Nikinyamaza, mama atafukiwa. Tena kuna jambo linanichanganya, hiyo chupa nikiitazama vizuri ina mapovu ndani ya kioo, bega moja limelala, mdomo umepinda kama uliobandikwa, na kitako kimebonyea dole gumba linaingia. Je, yawezekana fundi akawa mwongo na chupa ikawa ya kweli?

Mama Ikram, Mazinde

*

Marahaba, Mama Ikram. Jina nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sidhani kama Mazinde kuna mashimo mawili ya namna hiyo. Nimecheka mpaka chai ikapoa. Nilipofika kwenye ule ufa sikucheka tena. Kabla hujamaliza kusoma mstari huu, mhamishe mama mkwe chumba kingine, na lile pango la pembeni lisiongezewe hata jembe moja.

Haya, sasa nikugombeze. Mume aliyekataa kuchimba choo alistahili kuambiwa usoni, hata mbele ya wazee, siyo kutegewa kama panya. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe umemchimbisha mwenzio ukaingia wewe.

Tuje kwenye chupa. Mama yangu aliuza mafuta ya kula kwa chupa pale Old Korogwe, na muoshaji wa chupa nilikuwa mimi, kwa hiyo nisikilize. Uchafu si ushahidi, kila mwenye ng'ombe anaweza kuupata. Isaka alilamba mavi akasahau kutazama kioo. Chukua chupa ya soda, pitisha ukucha kutoka begani kwenda juu, utahisi mshono unapanda mpaka kwenye mdomo, kwa sababu mashine huitoa ikiwa nzima. Kisha fanya hivyo kwa chupa ya mama mkwe. Mshono ukiishia shingoni, mdomo huo ulimaliziwa kwa mkono, na hiyo ni kazi ya zamani. Geuza na kitako. Chupa iliyoburutwa mezani miaka mingi ina michubuko ya huku na huku, lakini ya tapeli imesuguliwa upande mmoja. Sijaishika, kwa hiyo siapi, ila kwa ulivyoieleza, mwanangu, yaelekea umechukua chupa ya kale kweli ukaipaka uzee wa bandia.

Usianze kuruka. Chupa kuwa ya kale hakuweki sanduku chini yake. Ilikuwa ndani ya nyumba yenu, na chini yake palikuwa na meza.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Unadhani mama mkwe hakuijua chupa yake? Amekuta mafuta yake kwenye plastiki na hajauliza. Naye ana magoti mabovu na choo kimejaa. Nyie wawili mmekula njama bila kuambiana, ila yeye huenda hajui kuwa pango linaelekea kitandani kwake.

Kwa hiyo fanya hivi. Osha chupa, mpelekee leo hii, umtake radhi kwa kuichukua bila ruhusa, umwonyeshe ufa. Kisha mwiteni baba Ikram, nyie watatu tu, Isaka abaki Handeni. Mama aanze kwa kusema chupa ni yake. Neno hilo kutoka kwa mama yake atalisikia, kutoka kwako litakuwa tusi. Ukifika wakati wako sema yote, hata ya mavi, usiseme ulikuwa unatania. Halafu mpe chupa na ya soda, apitishe ukucha mwenyewe. Akutane na kitu cha kale cha kweli kwa mkono wake, maana hicho ndicho alichokitafuta miaka yote, na heshima kidogo itamrudia. Pango lijazwe mawe na udongo ulioshindiliwa, fundi ujenzi aukague ukuta, na lile shimo lililonyooka liwekewe magogo juu, liwe choo.

Akinuna, mvumilie, umekosa. Akisema amechimba bure, usibishane naye. Subiri siku tumbo litakapomvuruga, atalikimbilia shimo hilo mwenyewe, wala hatauliza alama iko wapi.